Kanisa Dogo Hutazama Mwezi Kabla ya Kutangaza

Ukitaka kujua kama katibu wa kanisa dogo la Kipresbiteri huku Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, anaijua kazi yake, mwulize mwezi utakuwa mpevu tarehe ngapi. Wavuvi wa dagaa huvua gizani. Taa zao, zamani karabai na siku hizi za sola, huwavuta dagaa juu ya maji pale tu ambapo hakuna mwanga mwingine wa kushindana nazo. Mbalamwezi ikishika, taa haina kazi: mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, na vijana wanarudi nyumbani kutoka makambi ya visiwani. Siku hizo kanisa hujaa, na siku hizo hizo mifuko huwa mitupu.

Sasa tazama Pasaka. Kwa kanuni yake ya kale ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, kwa hiyo kila mwaka inaangukia siku za mbalamwezi au mara tu baada yake. Mwaka 2027 mwezi mpevu ni Machi 22 na Pasaka ni Machi 28. Krismasi haifuati mwezi, lakini ya 2026 imegongana nao: mwezi mpevu ni Desemba 24 yenyewe. Kanisa la Kirumba au Igombe likipanga changizo la paa Jumapili ya Desemba 27, litapata mabenchi yaliyojaa na kikapu chepesi. Likilisogeza hadi Desemba 20, giza likiwa limeisha na hesabu nyingi za mtumbwi zimefungwa, mambo ni tofauti kabisa. Desemba 27 ibaki ya ubatizo, kwaya na chakula, kwa sababu ndiyo siku baba, mjomba na kaka wa mtoto wako nchi kavu.

Wakulima wana kalenda yao. Novemba na Desemba, mvua za vuli zikichanganya, mtu wa Kisesa au Usagara yuko shambani na akili yake iko huko. Ibada ya mavuno ikiwekwa Novemba kwa sababu tu kitabu cha ratiba kilichotoka mahali pengine kinasema hivyo, watu wataleta unga wa kununua dukani. Huku kwetu iwekwe Juni au Julai, mahindi na mpunga vikiwa ndani na pamba ikiwa sokoni.

Haya yote yanahusu makanisa ya aina moja: dogo, la Kipresbiteri, watu 60 hadi 120 Jumapili ya kawaida, la wale ambao mtaani huitwa kwa kebehi kidogo "kanisa la kisasa". Usasa wenyewe si magitaa. Ni kwamba mwanamke huhubiri na kuongoza, Meza ya Bwana, yaani Ushirika Mtakatifu, haina polisi mlangoni, na mtu haulizwi kadi ya michango kabla ya kuzikwa. Wanaodhani hayo ni mageni ya jana wakumbuke kwamba Kanisa la Scotland lilikubali wanawake kuwa wazee wa kanisa mwaka 1966 na wachungaji mwaka 1968, na hapa jirani, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki lilimweka wakfu mchungaji wake wa kwanza mwanamke, Nyambura Njoroge, mwaka 1982. Kiswahili nacho kimetusaidia bila kuombwa. "Mzee wa kanisa" ni cheo, hakina jinsia wala umri. Binti wa miaka 28 akisimikwa anaitwa mzee, kanisa linacheka wiki ya kwanza, na wiki ya tatu limeshazoea.

Upresbiteri wenyewe ni utawala wa wazee. Mchungaji haamui peke yake, na mzee hana mamlaka yoyote nje ya Baraza la Wazee lililokaa likiwa na akidi. Hilo ndilo linalosahaulika mara nyingi. Mzee anapiga simu Jumatano, anamwambia fundi aanze choo, Baraza linakuja kuambiwa Jumapili. Choo kinaweza kuwa kizuri, lakini hakuna muhtasari unaosema nani alikubali bei, na baada ya miezi 6, fundi akidai salio, kila mtu anamtazama mwenzake. Kwa hiyo kila shughuli ya robo mwaka ianze na mstari mmoja wa muhtasari: nini, lini, nani anasimamia, na shilingi ngapi zisizozidiwa. Bila mstari huo haitangazwi.

Wazee hugawana jumuiya, na hapa jiografia ya Mwanza inamdanganya mgeni. Kwenye ramani ya simu nyumba mbili za Mabatini au Igogo zinaonekana zimegusana, kumbe kati yake kuna jabali la ukubwa wa ghorofa mbili na njia ya kuzunguka ni dakika 20. Jumuiya zigawanywe kwa njia za miguu, kufuata ngazi na vichochoro watu wanavyopanda na kushuka. Kaya 10 hadi 12 kwa mzee mmoja zinatosha. Zikifika 20, wale wa juu kabisa, ambao bodaboda huwashusha chini na kuwaambia "mama, hapa mwisho", ndio wa kwanza kuachwa, nao ndio wenye magoti mabovu. Mzee wa jumuiya ya mlimani asiwe mtu wa bondeni. Kazi hiyo apewe mtu anayeishi huko huko juu, hata kama hana vyeti.

Baada ya hapo yanakuja matangazo. Dakika 25 za matangazo zimeua shughuli nyingi kuliko ukosefu wa fedha. "Wapendwa, wiki hii kutakuwa na usafi, tujitokeze kwa wingi" ni sentensi isiyomwita mtu yeyote. Tangazo linalofanya kazi linasikika hivi: "Jumamosi Novemba 14, saa moja kamili asubuhi, tunasafisha mifereji ya paa na simtanki. Tunahitaji watu 8, ngazi 1, ndoo 4 na mafagio ya chelewa. Saa nne asubuhi tumemaliza. Anayeongoza ni mzee wa jumuiya ya mlimani." Mtu anajua aje na nini na arudi lini. Matangazo 5 ya namna hiyo yanasomeka kwa dakika 4.

Saa nazo zina mtego wake. Kanisani tunasema saa mbili, simu inaandika 08:00. Mtu akituma kwenye kundi la WhatsApp "mkutano saa 8", nusu ya watu watafika asubuhi na nusu mchana, na kila upande una haki. Andika saa ya Kiswahili kwa maneno na utaje wakati wa siku: "saa nane mchana". Tarakimu ziachwe kwa tarehe.

Tukirudi kwenye mifereji, kwa kuwa vuli haingoji mtu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la kanisa la mita 8 kwa 15 ni mita za mraba 120, hivyo mvua moja nzuri ya milimita 20 inaleta lita 2,400. Toa kama moja ya tano kwa yanayorukia nje na kuvuja, unabaki na lita 1,900 hivi. Mvua 3 za namna hiyo zinajaza simtanki la lita 5,000, na kanisa halinunui maji ya maboza wala ya mkokoteni kwa muda. Maji ya dakika za mwanzo, angalau lita 120 kwa paa hilo, yamwagwe: yana vumbi la kiangazi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tanki ufungwe wavu wa mbu. Kosa kubwa hasa liko chini ya tanki. Lita 5,000 ni tani 5, na viwanja vya milimani mara nyingi ni nusu jabali, nusu udongo wa kujazia. Fundi akimwaga zege juu ya vyote viwili, udongo unashuka, jabali halishuki, na jukwaa linapasuka katikati. Ama jukwaa lote likae juu ya mwamba, ama lote juu ya ardhi iliyochimbwa hadi udongo mgumu na kushindiliwa.

Meza ya Bwana kwa Wapresbiteri wengi si ya kila Jumapili. Robo mwaka mara moja ni desturi ya kawaida, na ndiyo maana ina maandalizi yake: wiki 2 kabla, wazee hupita jumuiya zao. Zamani ziara hiyo ilikuwa ya ukaguzi, nani kagombana na nani, nani kazaa nje. Katika kanisa lenye mlango mpana mzee anauliza mambo matatu tu: nani mgonjwa, nani ana njaa, nani ataletewa Meza nyumbani kwa sababu hawezi kushuka mlima. Kuhusu vipimo, vile vikombe vidogo huchukua kama mililita 10, basi lita 1 ya juisi ya zabibu ni vikombe 100 kwenye karatasi na 80 mikononi mwa binadamu. Slesi moja ya mkate iliyoondolewa maganda hutoa vipande 9 vya heshima. Mkate ukatwe asubuhi ile ile na kufunikwa kitambaa kibichi kidogo. Ukikatwa Jumamosi jioni, Jumapili unakuwa makombo na watu wanakohoa katikati ya sala. Juisi ya zabibu ikikosekana madukani, ya choya hufaa kwa rangi na watu huipokea bila kunung'unika. Baraza liafiki mapema, asije mtu akaanza mjadala wa teolojia pale mezani.

Mnada wa sadaka ndio shughuli tunayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoharibika kirahisi kuliko zote. Baada ya ibada vinatolewa nje: kuku, mkungu wa ndizi, maboga, trei za mayai, viazi vitamu, sato wawili watatu kutoka kwa mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mnadi anayejua kazi huanza na samaki. Sato aliyetolewa majini alfajiri hana subira ya kungoja maboga, na bila barafu, kufika saa saba mchana macho yake yamezama na mnunuzi anakwenda nyumbani na hasara aliyoiita baraka. Kuku wanafuata, wawe wamefungwa miguu yote miwili na kuwekwa kivulini kwenye matenga yenye hewa, wasininginizwe vichwa chini kwenye msumari. Vikavu vinangoja mwisho.

Bei ya kuanzia iwe chini kidogo ya bei ya soko. Mnadi akianzia juu, kimya kinaingia, na kimya kikiingia mara mbili mnada umekufa. Ahadi ziandikwe papo hapo: jina, kitu, kiasi, tarehe ya kulipa isiyozidi wiki 2. Ahadi isiyoandikwa huyeyuka watu wakifika getini. Watu wakigawanywa pande mbili zinazoshindana, fedha huongezeka. Wasukuma wanalijua hilo tangu zamani, kwa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana baada ya mavuno. Kwaya mbili kuvutana juu ya boga moja ni damu ile ile.

Ila kuna jambo moja la kukataa katakata, nalo ni kusoma hadharani nani katoa kiasi gani. Bibi aliyeleta mayai 4 akisikia yametajwa baada ya "mheshimiwa fulani, laki mbili", Jumapili ijayo hatakuja na mayai, na pengine hatakuja kabisa. Tangaza jumla tu. Watu wawili wasiotoka nyumba moja wahesabu fedha, wa tatu aandike, na kiasi kiingie kitabuni na kusainiwa kabla noti hazijatoka chumbani. Zilizoingia kwa simu zipokelewe kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa. Namba ya mhazini binafsi huleta maneno hata pale ambapo mhazini ni malaika. Na wale wanaouona mnada kama kitu cha kienyeji wakumbuke John Gatu, mchungaji wa Kipresbiteri wa Kenya, ambaye mwaka 1971 aliyataka makanisa ya Magharibi yasitishe kwa muda kutuma wamisionari na fedha ili makanisa ya Afrika yasimame yenyewe. Trei ya mayai iko ndani ya hoja hiyo.

Chakula cha pamoja baada ya mnada kinahitaji hesabu kuliko imani. Kwa watu 100: mchele kilo 15, maharage makavu kilo 8, vitunguu kilo 5, mafuta lita 3, na nyama kilo 12 kama ipo. Mchele kilo 15 ukiiva hufika kama lita 50, kwa hiyo tumia sufuria mbili za lita 40. Sufuria moja kubwa huunguza chini, huku kiini cha katikati bado kibichi, na mpishi akiongeza maji kurekebisha anapata uji. Maharage yalowekwe usiku kucha, vinginevyo mkaa utaisha kabla hayajalainika. Dagaa ni rahisi na wanatosheleza, lakini nunua waliokaushwa kwenye chanja. Wale walioanikwa mchangani ni nafuu kwa bei, kisha unawaosha maji matano na bado jino linakutana na ziwa lote. Ndoo ya kunawia yenye bomba na sabuni iwe moja kwa kila watu 25, zikae kwenye njia ya kuelekea chakula, maana zikiwekwa nyuma ya jengo watoto hawazioni, na wakubwa wanajifanya hawazioni.

Kila shughuli ina swali lake la pembeni: nani hataweza kuja kwa jinsi tulivyoipanga? Kanda ya Ziwa inajua kwa uchungu jinsi watu wenye ualbino walivyowindwa. Kanisa linaweza kuhubiri dhidi ya hilo, na linapaswa. Lakini mahubiri hayo hayana maana kama mtoto mwenye ualbino amekalishwa ukingoni mwa turubai. Asubuhi jua linaingia chini ya turubai kutoka mashariki, hivyo viti vyao viwe ndani, upande wa magharibi, na kivuli kinapohama baada ya adhuhuri navyo vihame. Kofia pana ndani ya ibada isiwe hoja. Wengi wao hawaoni mbali, basi wakae mbele na wapewe nyimbo zilizochapwa kwa herufi kubwa. Mazoezi ya kwaya ya nje yasiwe kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Ngazi 3 za mlangoni zenye jumla ya sentimita 45 zinahitaji mteremko wa kiti cha magurudumu wenye urefu wa mita 5.4, kwa kipimo cha 1 kwa 12. Fundi atapendekeza mita 2 "ili tusimalize kiwanja". Mita 2 ni mtego: kiti kinapinduka nyuma. Na uso wake usisuguliwe ung'ae. Upigwe ufagio ungali mbichi, uwe na mikwaruzo ya kushika mguu wakati wa mvua.

Halafu kuna akina bibi. Macho mekundu ya mwanamke mzee yana asili yake jikoni, kwenye moshi wa kuni wa miaka mingi, na kwa macho hayo hayo wapo walioitwa wachawi na kuuawa katika mikoa yetu. Kwa hiyo vijana wakiuliza mradi wa mwaka huu, jiko banifu lenye bomba la moshi jikoni kwa bibi mmoja kila mwezi ni jibu zuri: udongo wa kichuguu, mchanga, majani yaliyokatwakatwa, bomba linalotokeza juu ya paa, na wiki 2 hadi 3 za kukauka kivulini kabla ya kuwashwa. Wakiliwasha siku ya 4 ili wapige picha, litapasuka. Na binti aliyejifungua kabla ya ndoa asisimamishwe kwaya. Serikali yenyewe iliwafungulia wasichana waliojifungua mlango wa kurudi shuleni Novemba 2021. Itakuwa ajabu kanisa libaki nyuma ya shule.

Mwisho ni safari ya vijana, ambayo kila mwaka huombwa iwe Ukerewe au kisiwa cha karibu. Kuogelea kwenye maji ya kina kifupi yenye magugu ni kujiletea kichocho. Konokono wanaokisambaza hukaa hapo hapo, na vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali mchana. Michezo iwe mchangani, na atakayeona damu kwenye choo au mkojo apelekwe kituo cha afya akapimwe, asipewe dawa za kubahatisha. Safari iwe ya asubuhi kwa sababu upepo wa ziwa hupanda mchana. Mwanza haihitaji kukumbushwa sana: makaburi ya waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, yako Igoma, na kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018 kikiwa kimejaza kupita kiasi, watu zaidi ya 200 wakafa. Basi hakuna "tubanane kidogo". Jaketi za kuokoa zihesabiwe kabla ya watu kuhesabiwa: zikiwa 22, wanaopanda ni 22, pamoja na mchungaji. Kila jaketi lifungwe mikanda bado mkiwa ufukweni, maana lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Orodha ya majina iandikwe nakala mbili, na namba ya simu ya nyumbani kwa kila jina. Moja iende na kiongozi kwenye mfuko wa plastiki. Nyingine ibaki kwa mzee aliye nchi kavu, mwenye simu yenye chaji, asiyelala hadi amepigiwa kwamba wote wameshuka.